Kano ya Kisigino: Kutoka Kuchechemea hadi Kilomita 42 Ukiwa Dodoma

Ukitaka kujua kama kano yako ya kisigino imepona, usiiulize ukiwa unakimbia. Ukikimbia inapata joto, inalainika, inakudanganya. Iulize asubuhi, miguu mitupu, sakafu ya saruji ikiwa bado ya baridi, katika zile hatua kumi za kutoka kitandani hadi mlangoni. Mimi nilizipuuza hatua hizo kwa wiki saba. Nilikuwa mkimbiaji wa mita 5,000 na kilomita 10, najiandaa na mashindano ya watumishi, na kila asubuhi ya mwezi wa sita nilitoka chumbani nikichechemea kama mtu aliyechomwa mwiba. Dakika kumi barabarani, maumivu yanapotea. Nikasema ni baridi ya Dodoma tu. Siku ya mashindano, kilomita ya nane, kano ikagoma. Nilimaliza kwa kutembea, kiatu kimoja mkononi.

Niliyoyaandika hapa ndiyo niliyoyafuata tangu siku ile hadi nikamaliza nusu marathoni, na mwaka uliofuata marathoni nzima. Nimemwandikia mtu wa Dodoma, Manyoni, Singida au Kondoa asiye na bwawa la kuogelea wala gym, ila ana ngazi, dumu la maji, baiskeli ya kuazima na barabara ya vumbi. Vinatosha.

Hakikisha kwanza ni kano

Kaa kwenye kiti, pandisha mguu juu ya goti la pili, kisha bana kano kwa kidole gumba na cha shahada ukianzia kwenye mfupa wa kisigino, ukipanda kidogo kidogo. Kano iliyochoka huuma mahali pamoja, sentimita mbili hadi sita juu ya mfupa, na mara nyingi utahisi pamenenepa kuliko upande wa pili. Sehemu hiyo ina mishipa michache ya damu, ndiyo maana haina haraka ya kupona. Dalili nyingine ni ule ukakamavu wa asubuhi, au wa kuinuka baada ya kukaa sana ofisini, unaoisha ukishatembea.

Kama maumivu yako chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, mazoezi ni yale yale lakini kisigino hakitakiwi kushuka chini ya usawa wa sakafu. Shika hilo, maana wengi wameumizwa na zoezi sahihi lililofanywa kwenye ngazi isiyowahusu.

Yapo mambo ambayo hayatibiwi kwa mwongozo. Ukisikia mlio "pwa!" nyuma ya mguu kama mtu amekupiga teke, na huwezi tena kusimama kwa vidole, huenda kano imekatika. Lala kifudifudi, mtu akubane kigimbi; unyayo usiposogea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kigimbi kikivimba, kikawa cha moto na kinauma hata ukiwa umekaa, inaweza kuwa damu iliyoganda, nayo haisubiri kesho. Maumivu ya mfupa yanayofunikwa na ncha ya kidole kimoja, yanayozidi kadiri unavyokimbia na kukuamsha usiku, yanaweza kuwa ufa wa mfupa. Eksirei ya wiki mbili za mwanzo inaweza kutoka safi ilhali ufa upo. Na dada anayekimbia sana ambaye siku zake zimekatika kwa miezi mitatu, amweleze daktari hilo kabla hata ya kuonyesha mguu, kwa sababu mwili wake huenda haupati chakula kinacholingana na mazoezi, na mifupa ndiyo inayolipa.

Kuna jambo la dawa ambalo naliomba lisomwe mara mbili. Huku kwetu mtu akiambiwa ana taifodi au U.T.I., mara nyingi anapewa siprofloksasini, ile tunayoiita sipro, na wengine huinunua wenyewe duka la dawa. Dawa hiyo na ndugu zake wa kundi moja zinaweza kudhoofisha kano, na ya kisigino ndiyo inayoathirika zaidi. Wakati mwingine hukatika kabisa. Hatari ni kubwa kwa aliyevuka miaka 60 na kwa anayetumia pia dawa za steroidi. Mwambie daktari kwamba wewe ni mkimbiaji na una kano inayouma, aone kama kuna dawa nyingine inayofaa. Wakati unaitumia, mazoezi makali yasimame, na kano ikianza kuuma au kuvimba, simamisha dawa na umwone daktari siku hiyo hiyo akupe nyingine.

Mimi kabla ya kufika kwa mtaalamu wa fiziotherapia nilipitia kwa mchuaji. Alinikandamiza kwa kidole gumba pale pale palipovimba, na mafuta ya moto, nusu saa nzima. Kesho yake sikuweza kuvaa kiatu. Kuchua kigimbi chenyewe, ile nyama ya juu, hakuna ubaya na kunaburudisha. Kano iliyovimba usiiruhusu kusagwa, na sindano ya steroidi ndani ya kano usiikubali kirahisi. Inaondoa maumivu haraka na inaweza kuiacha kano dhaifu. Hospitali za rufaa za hapa mjini zina vitengo vya fiziotherapia. Nenda hata mara moja, upimwe na mtu aliyesomea.

Wiki mbili za kutuliza

Kutuliza maana yake ni kupunguza mzigo. Ukilala mwezi mzima maumivu yataisha, na siku ya kwanza ukikimbia yatarudi yale yale, kwa sababu kano isiyobebeshwa kitu inazidi kuwa dhaifu. Acha kukimbia, acha kuruka, acha vilima. Endelea kutembea kwa kiasi kisichokufanya uchecheme. Panda baiskeli ukikanyaga pedeli kwa katikati ya unyayo. Weka kipande cha soli chenye unene wa sentimita moja chini ya kisigino ndani ya viatu vyote viwili. Fundi viatu yeyote wa Majengo au Sabasaba anakuchongea. Nyumbani usitembee pekupeku, wala kwenye ndala zilizolalia.

Zoezi la siku hizi ni moja: simama kwa vidole vya miguu yote miwili, visigino nusu ya urefu, na ukae hapo sekunde 45. Pumzika dakika mbili, rudia, mara tano kwa siku nzima. Unahisi kigimbi kinawaka, kano inatulia. Diklofenaki na ibuprofeni zinaficha maumivu bila kuijenga kano, na ukizimeza ili ukimbie unakuwa umezima taa ya onyo. Barafu ikikuburudisha, tumia.

Nunua daftari. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, tembea zile hatua kumi na uandike alama: sifuri ni hakuna kitu, kumi ni maumivu ya kulia. Daftari hilo ndilo kocha wako kuanzia sasa.

Wiki kumi na mbili za ngazi na dumu

Hapa ndipo kano inapojengwa, na hapa ndipo watu wanapokimbia kazi. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliokuwa na maumivu sugu ya kano. Walishusha kisigino polepole kwenye ngazi, wakiongeza uzito, kila siku kwa wiki 12. Wote wakarudi kukimbia. Tangu wakati huo njia hiyo imeboreshwa kwa namna mbalimbali, lakini msingi umebaki ule ule: mzigo mzito, mwendo wa taratibu, muda mrefu.

Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa mbele ya unyayo, mkono mmoja ukutani. Panda juu kwa miguu yote miwili. Ukiwa juu hamishia uzito wote kwenye mguu mbovu, inua mzima, kisha shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Rudi juu kwa miguu yote miwili. Hiyo ni moja. Fanya 15, pumzika dakika moja, mara tatu, goti likiwa limenyooka. Halafu seti tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu msuli wa ndani wa kigimbi unafanya kazi zaidi goti likiwa limekunjwa, na huo ndio unaokubeba kwenye mbio ndefu. Asubuhi na jioni. Wenye maumivu ya chini kabisa, kwenye mfupa, fanyeni yote haya sakafuni, bila ngazi.

Mimi nilikuwa nafanyia kwenye ngazi ya baraza. Binti yangu, darasa la pili, alijipa kazi ya kuhesabu. Nikiharakisha kushuka anasimamisha mchezo: "Baba, hiyo haijafika nne. Rudia." Wiki ya tatu 15 zilipokuwa rahisi nikashika dumu la lita tano mkono wa upande wa mguu mbovu. Maji yalikuwa yanacheza ndani yake, na yule mtoto akagundua kwamba nikishuka vizuri maji hayatoi sauti. Kuanzia hapo alikuwa anahesabu kwa kusikiliza. Sijapata kipimo bora kuliko hicho: dumu lijae robo tatu, na lisilie.

Kilo nne hivi wiki ya tatu, kilo kumi wiki ya sita, kisha begi la mgongoni lenye mchanga ukifika 15 na zaidi. Ukianza kubeba hivyo, fanya mara moja kwa siku, baadaye siku moja ndiyo, moja hapana, seti nne za mara nane, kwa sababu uzito mkubwa unahitaji siku ya kupumzika. Maumivu ya alama tatu, hata nne, wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Yakizidi tano, au asubuhi ya pili alama ikipanda kuliko ya jana, punguza uzito, usipunguze siku.

Wiki ya nne utavunjika moyo. Daftari langu linaonyesha 4, 4, 3, 4, 5, 4 kwa siku sita mfululizo. Wiki ya saba zinaanza kuonekana 2. Kano inajijenga hivyo, kama ukuta wa tofali za kuchoma: unaongeza tofali, unasubiri udongo ukauke.

Mtihani kabla ya kukimbia

Usihesabu wiki. Pima. Tembea haraka dakika 45 mfululizo, na asubuhi yake alama isizidi mbili. Simama mguu mmoja, panda na kushuka kwa vidole hadi uchoke, mguu mzima kwanza. Mguu mbovu ufikie angalau tisa katika kila kumi za mwenzake. Mtu mwenye nguvu za kawaida anafika 20 hadi 25. Mwisho, ruka papo kwa papo kwa mguu mbovu mara kumi. Ukipita yote matatu, anza. Ukifeli moja, rudi kwenye ngazi wiki mbili. Mimi nilifeli kuruka mara mbili.

Kimbia, tembea, kimbia

Siku moja kukimbia, siku inayofuata hapana. Kano inahitaji muda wa kutulia baada ya mzigo mpya, na hilo halibishaniwi na moyo wa mtu. Wiki ya kwanza: pasha misuli kwa kutembea dakika kumi, kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, mara nane. Wiki ya pili kimbia mbili, tembea mbili, mara saba. Ya tatu, tatu kwa moja, mara sita. Ya nne, tano kwa moja, mara tano. Ya tano, nane kwa moja, mara tatu. Ya sita, kumi na mbili kwa moja, mara mbili. Ya saba, dakika 25 bila kusimama.

Sheria ya kupanda ni asubuhi. Alama tatu au chini, na isiyozidi ya siku iliyotangulia: endelea. Nne au tano: rudia wiki hiyo hiyo. Zaidi ya tano: shuka wiki moja. Wakati wote huo mazoezi ya uzito yanaendelea mara tatu kwa wiki, siku ile ile ya kukimbia, jioni, ili siku ya kupumzika iwe ya kupumzika kweli.

Mwendo uwe wa kuongea. Kama huwezi kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukata pumzi, unakimbia sana. Kano ya kisigino inabeba mara sita hadi nane ya uzito wa mwili kila unapokanyaga ukikimbia. Mtu wa kilo 65 anaibebesha kilo 390 hadi 520, na spidi inapoongezeka mzigo nao unaongezeka. Ndiyo maana spidi inarudi mwisho kabisa, baada ya umbali.

Wapi, saa ngapi, na viatu gani

Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake kavu, ardhi nyingi tambarare. Kwa mtu anayerudi ni mji mzuri. Tafuta barabara ya vumbi iliyoshindiliwa, za pembezoni mwa Nzuguni, Miyuji au Kisasa, isiyo na mawe ya kupinda mguu. Korongo la mchanga linavutia kwa sababu ni laini, lakini likwepe: kisigino kinazama, kano inavutwa kupita kiasi kila hatua. Vilima vya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndivyo vilivyonivunja, nilipovipanda mara tatu kwa wiki kwa viatu vyembamba vipya. Nimevirudia baada ya miezi mitano, mara moja kwa wiki, nikipanda kwa kukimbia na kushuka kwa kutembea.

Upepo wetu, hasa Juni hadi Agosti, unatoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Anza ukielekea mashariki, ukabiliane nao ukiwa na nguvu, kisha urudi unakusukuma na jua liko mgongoni. Kwenye barabara kuu za lami kimbia upande unaoyatazama magari yanayokuja. Miezi ya baridi vaa soksi ndefu na utembee dakika kumi kabla ya kukimbia. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, joto ni kali kuliko miezi mingine. Toka saa kumi na moja alfajiri ukiwa na mwenzako na tochi, au punguza mwendo. Watoto wa njia ya Veyula watakusalimia "Mbukwenyi!" na kukukimbilia mita mia mbili. Usishindane nao.

Viatu vya mitumba havina neno ukivijua. Kikunje kiatu: kinapaswa kupinda kwenye vidole, siyo katikati. Kiweke mezani ukikitazama kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja kimeshamaliza kazi yake kwa mwenzako aliyekitangulia. Bonyeza soli ya ndani kwa gumba, na kama haidundi, kiache hata kikiwa kinang'aa. Kwa kano inayopona chagua chenye kisigino kilichoinuka kidogo, na usibadili aina ya kiatu wiki uliyoongeza umbali.

Kwa nini kwenda mbali zaidi

Wengi waliniambia, "Kaka, umeumia kilomita 10, halafu unataka 42?" Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kilichoniumiza ni spidi na vilima, na mbio ndefu zinakimbiwa polepole. Ila zina deni lake: ukihesabu hatua ya mita moja, marathoni ni zaidi ya hatua 42,000, yaani kila mguu unatua mara 21,000. Kano isiyo na uvumilivu itaanguka huko. Kwa hiyo ngazi na dumu haviishi, hata siku ukiwa mzima.

Tena hii njia imeshapitiwa na watu wetu. Suleiman Nyambui alipata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akahamia barabarani na kushinda Berlin Marathon mwaka 1987 na 1988. Ni miaka saba ya kuhamisha miguu. Juma Ikangaa, mzaliwa wa hapa Dodoma, alikuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na katikati ya hiyo, mwaka 1989, akashinda New York kwa saa 2:08:01. Na jirani zetu wa Singida wana Alphonce Simbu: shaba ya dunia London 2017, dhahabu ya dunia Tokyo Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa kwenye utepe. Kati ya shaba na dhahabu ipo miaka minane.

Kilomita 21, halafu 42

Usijiandikishe popote kabla hujakimbia dakika 30 mara nne kwa wiki, kwa mwezi mzima, na alama za asubuhi zikiwa mbili au chini. Ukifika hapo, jipe wiki 16 za kujiandaa na nusu marathoni. Kwa mkimbiaji wa hapa, NBC Dodoma Marathon ya mwezi wa saba inafaa: umelala kwako, hali ya hewa ni ya baridi, na maandalizi yanaanza mwishoni mwa mwezi wa tatu au mwanzoni mwa wa nne. Kilimanjaro Marathon ya Moshi ni nzuri sana, lakini ina mlima mrefu wa kuelekea Mweka, na kano changa isikutane na mlima huo mara ya kwanza.

Wiki yangu ilikuwa hivi: Jumanne kukimbia taratibu dakika 40 hadi 50, Alhamisi siku ya mwendo, Ijumaa dakika 30 za kulegeza, Jumapili mbio ndefu. Jumatatu na Jumamosi kupumzika, Jumatano baiskeli. Uzito Jumanne na Alhamisi jioni. Jumla ilianzia kilomita 24 kwa wiki, ikaishia 48. Mbio ndefu ilianzia kilomita 8, nikiongeza moja kila wiki, na kila wiki ya nne nikipunguza theluthi nzima, hadi 18. Wiki ya kupunguza usiiruke kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ipo.

Siku ya mwendo, wiki sita za kwanza ni kukimbia taratibu tu, ukimalizia na mbio fupi nne za sekunde 20 kwa mguu mwepesi. Baada ya hapo ongeza dakika tano za mwendo wa kukaza, ule ambao unaweza kusema maneno matatu tu, mara mbili, kisha mara tatu, ukipumzika dakika mbili. Yatosha. Asilimia 80 ya wiki iwe ya kuongea.

Kujua muda wako, zidisha muda wa kilomita 10 kwa 2.2. Aliyekimbia kwa dakika 50 ategemee 21 kwa saa 1 na dakika 50. Mwendo wake wa kuongea ni dakika 6 hadi 6 na nusu kwa kilomita, na mbio ndefu zote ziwe hapo.

Marathoni iache hadi miezi sita ipite baada ya nusu marathoni. Mpango ni ule ule, wiki 18, jumla ikifika kilomita 60 hivi, mbio ndefu ikipanda hadi 30 au saa tatu, chochote kitakachotangulia. Mbio za saa tatu zisizidi tatu katika mpango mzima. Muda wa nusu zidisha kwa 2.1, kisha mgeni ongeza dakika kumi. Wiki mbili za mwisho kabla ya 21, na tatu kabla ya 42, punguza umbali hadi ubaki nusu, lakini zile mbio fupi za sekunde 20 ziendelee.

Kula na kunywa

Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inatosha dakika 90 hadi saa mbili. Kilomita 10 hukuwahi kuligusa tatizo hili. Ukivuka saa moja na nusu unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na unaanza kula dakika ya 40, kabla ya njaa. Tende ndogo moja ina gramu tano au sita. Kinywaji changu ni nusu lita ya maji, vijiko saba vya chai vya sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili na limau. Jaribu kwenye mbio ndefu za Jumapili, kwa sababu tumbo nalo linafundishwa.

Hewa kavu ya Dodoma inakausha jasho kabla hujaliona. Jipime kilo kabla na baada ya mbio ndefu. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Usinywe kupita ulichopoteza, maana maji mengi matupu huizimua chumvi ya damu, na hilo limewapeleka watu hospitali. Siku za kawaida ugali wa uwele na mlenda ni chakula kizuri cha mkimbiaji. Siku mbili kabla ya mbio ndefu au mashindano, hamia wali, viazi na chapati, na uache mlenda, maharage na mboga nyingi, ili usitafute choo kilomita ya 15.

Siku yenyewe na siku inayofuata

Kiatu ulichokizoea, soksi ulizozizoea. Amka saa tatu kabla ya mbio kuanza, kula mkate na chai yenye sukari. Kwenye 21, kilomita tano za mwanzo ziwe polepole kwa sekunde kumi kila moja kuliko mwendo uliopanga. Kwenye 42, kumi za mwanzo. Watu watakupita, na umati utakuvuta. Shika saa yako. Kano ikianza kukaza, tembea dakika moja, uone. Ikifika tano na unachechemea, toka barabarani, hata ikiwa kilomita ya 38.

Ukishamaliza usikae chini. Tembea dakika 15, kunywa, kula wali na kuku ndani ya saa mbili. Nusu marathoni inataka siku tano hadi saba bila kukimbia, marathoni wiki mbili, na wiki ya kwanza ya kurudi iwe ya kukimbia na kutembea kama zamani. Dumu linarudi siku ya nne, nusu ya uzito.

Na Jumatatu asubuhi, kabla ya picha na pongezi za ofisini, shuka kitandani, tembea hatua kumi hadi mlangoni, ufungue daftari. Baada ya marathoni yangu ya kwanza niliandika: mapaja 8, kigimbi 5, kano 2.